Ndege Ilitua Wajir, Nami Nikamwambia Asishuke

Bi Qali,

Assalamu aleykum. Safu yako naisoma kila wiki gazeti linapofika huku kwetu Mandera, hata likiwa limechelewa siku mbili, na sikuwahi kudhani kwamba siku moja ningekuwa miongoni mwa wanaokuandikia, kwa sababu mimi ni mtu wa kuyatafakari mambo yangu peke yangu na kuyafunika, lakini hili limenishinda na zimebaki siku kumi na moja tu kabla ya kikao nitakachokueleza, kwa hiyo nakuomba unijibu kabla ya hapo ikiwezekana. Majina yote nimeyabadili. Miji sikuibadili, kwa sababu kisa chote ni cha umbali, na nikiibadili hutaelewa kosa liko wapi.

Nina miaka ishirini na tatu. Nilisomea Garissa mpaka nikapata stashahada, kisha ndugu wa mama yangu, ambaye nitamwita abti Warfa kama tunavyowaita wajomba zetu, akanichukua niwe karani katika ofisi yake hapa Mandera. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, na ndugu zake wako Banissa lakini hatujazoeana. Ninaishi nyumbani kwa abti, ninakula chakula chake, na mama yangu kila akipiga simu kutoka Garissa hunikumbusha kwamba abti ndiye baba yangu sasa. Ofisi yetu huuza tiketi za ndege ndogo inayotoka Nairobi asubuhi, mara nne kwa wiki. Kwa barabara, kutoka Nairobi mpaka hapa kupitia Garissa na Wajir ni zaidi ya kilomita elfu moja, na wewe uliye Garissa sina haja ya kukueleza barabara hiyo imewafanya nini watu, ndiyo maana kila mwenye uwezo, na hata asiye nao akichangiwa, hupanda ndege.

Ukutani ofisini kuna ramani ya Kenya. Abti mwenyewe alipiga msumari mmoja Nairobi na mwingine Mandera, akafunga uzi mwekundu kutoka huu hadi huu, na chini yake akaandika kwa kalamu nene: kilomita mia nane, saa moja na nusu, moja kwa moja. Hivyo ndivyo tunavyotakiwa kumjibu kila anayeuliza. Ukweli ni kwamba karibu kila safari ndege hutua Wajir kushusha magunia ya miraa, na hukaa pale nusu saa, siku nyingine saa nzima, siku nyingine zaidi, kutegemea kama gari la mwenye miraa limefika au halijafika, kwa sababu magunia hayawezi kuachwa juani. Wiki yangu ya pili kazini nilimwuliza abti kama si vizuri tuwaambie wateja. Alicheka mpaka akashika tumbo. Nyumbani na ofisini tunaongea Kisomali, nakuandikia maneno yake kwa Kiswahili.

"Njoo hapa, msomi," akaniambia, akanisimamisha mbele ya ramani. "Uzi unapita wapi?"

Nikatazama. Nikamwambia unapita Wajir, karibu katikati ya mji kabisa.

"Basi. Nimesema moja kwa moja, sikusema bila kupumzika. Hata ngamia hupumzika."

Nami nikarudi mezani kwangu, Bi Qali, na nikaendelea kuwajibu wateja hivyo hivyo kwa miezi minane, nikijiambia kwamba nusu saa ya kuchelewa haijamuua mtu, na kwamba mwenye biashara ndiye anayejua biashara yake.

Mwezi uliopita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa ndio kwanza nafungua ofisi simu ikalia. Alikuwa mwanamke nitakayemwita Muslimo, mwalimu huko Nairobi, sauti yake imekauka kama ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza. Aliniambia baba yake amefariki alfajiri, nyumbani kwao Kutulo. Kwa wasomaji wasiojua huku, Kutulo iko kati ya Wajir na Mandera, ila iko karibu zaidi na Wajir. Kwa gari, kutoka Wajir ni saa mbili na kidogo, na kutoka Mandera ni saa nne, vizuizi vikiwa vingi ni zaidi. Kwetu mwanamke hafuati jeneza makaburini, kwa hiyo alichotaka Muslimo ni kumkuta baba yake bado yuko nyumbani, amwone uso na amwombee. Miaka miwili hawakuonana.

"Walaal, dada yangu, nisaidie kuhesabu," akaniambia. "Kuna ndege ya watu wengine inakwenda Wajir, lakini inaondoka saa tano. Yenu inaondoka saa mbili, lakini inakwenda Mandera. Ipi itanifikisha mapema?"

Nikamwambia achukue yetu. Nikamwambia ni moja kwa moja, saa moja na nusu, saa tatu na nusu atakuwa Mandera, na kabla ya saa nane atakuwa Kutulo.

"Una hakika? Maana simu yangu inasema saa moja na dakika kumi."

"Hiyo ya simu hupima mstari ulionyooka, tena kwa mwendo wa ndege kubwa," nikamjibu. "Yetu ni ndogo. Weka saa moja na nusu."

Nilimsahihisha, Bi Qali, nikajiona karani mwangalifu.

Hazikupita dakika ishirini simu ikalia tena, safari hii kaka yake, Nuh, yuko huko Kutulo, na nyuma yake nasikia watu wengi. Akasema wazee walikuwa wamekwisha kukata shauri wazike baada ya sala ya adhuhuri, na yeye anawasihi wamngoje dada yake. "Wanasema hawatangoja kwa matumaini, watangoja kwa neno la mtu. Jina lako nani, na unasema saa ngapi?" Nikamtajia jina langu na jina la baba yangu, nikasema saa tatu na nusu Mandera. Akalirudia jina langu kwa sauti ili wazee walisikie. Kisha akaniambia, "Haya. Ni neno lako. Tutangoja mpaka alasiri."

Saa tatu na nusu ndege haikuonekana. Saa nne kasoro simu ikalia, ni Liban, kijana wa Garissa anayesafiri na ndege kusimamia mizigo.

"Sister, niko Wajir. Gari ya miraa imepata pancha huko mbele, bado sana. Sasa kuna mama hapa amesimama kwa mlango anataka kushuka. Anasema babake anazikwa Kutulo na hapa ndio karibu. Nimuache ashuke ama?"

Na nyuma yake nikaisikia ile sauti kavu, ikisema, "Mwambie nina mkoba mmoja tu. Mzigo wangu endeni nao, siutaki. Nifungulieni tu mlango."

Abti alikuwa amesimama mbele ya meza yangu na alikuwa amesikia yote. Alitikisa kichwa, akaniinamia akaninong'oneza: "Mwambie orodha ya abiria imefungwa. Mwambie ni dakika kumi. Akishuka mmoja Wajir, kesho Mandera nzima itajua tunatua Wajir."

Nikasema, "Liban, orodha imefungwa. Mwambie ni dakika kumi."

"Dakika kumi gani? Mimi nakwambia gari bado..."

"Mwambie dakika kumi."

Ndege iliondoka Wajir saa sita. Alikaa pale karibu saa tatu, baba yake akiwa mwendo wa saa mbili kutoka alipoketi, na ndege ilipoinuka ikapita juu ya nchi ya kwao ikamleta Mandera, ili apande gari arudi nyuma kwa njia ile ile saa nne nyingine. Alifika Kutulo karibu saa kumi na moja. Wazee walikuwa wamengoja mpaka alasiri kama walivyoahidi, wakasali, wakamtoa. Muslimo alipofika wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Nuh aliniambia baadaye kwamba dada yake hakushuka garini mpaka mama yao alipotoka kumchukua mkono.

Baada ya siku za matanga Nuh alipiga simu ofisini. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Aliniuliza, "Saa moja na nusu ilikuwa yako?" Nikasema ndiyo. "Na dakika kumi pia ilikuwa yako?" Nikasema ndiyo. Akasema wazee wao watakuja Mandera kukaa na wazee wetu, na siku hiyo atatakiwa mtu aliyetoa neno.

Sasa abti ameandika barua. Inasema kwamba mimi, karani, niliagizwa mara kwa mara kuwajulisha wateja kwamba ndege hutua Wajir, nikapuuza kwa uzembe wangu, na kwamba kumzuia abiria asishuke kulikuwa uamuzi wangu bila ya mkubwa wangu kujua. Anataka niitie sahihi, kisha siku ya kikao niisome mwenyewe mbele ya wazee. Nilipomwambia kwamba ni yeye aliyeniagiza, aliniuliza, "Simu ilikuwa mkononi mwa nani?" Nikakosa jibu, na mpaka leo sijalipata. Kisha akalainika, akaniita abti kama mjomba wa kwetu anavyomwita mpwa wake, akaniambia, "Abti, sikiliza. Wewe ni msichana, tena yatima. Wakikuona unatetemeka watakuonea huruma, mbuzi atachinjwa, fatiha itasomwa, yaishe. Mimi nikisimama pale watasema ni kampuni, na kampuni haionewi huruma."

Nilimpigia mama. Aliniambia nitie sahihi, kwamba karatasi haiumi, na kwamba nisimwaibishe ndugu yake aliyenipa mlo na kazi. Nimemwambia abti nataka kuisoma barua vizuri kwanza, na kila asubuhi ananiuliza kwa kejeli, "Msomi, hujamaliza ukurasa mmoja?" Ramani bado iko ukutani. Jana mtu aliuliza, nami nikamjibu moja kwa moja, saa moja na nusu, kwa sababu abti alikuwa ameketi pale.

Nina hasira, lakini sijui nimemkasirikia nani. Nikitia sahihi nitakuwa nimedanganya mara ya tatu katika jambo moja. Nikikataa, sina kazi na sina pa kulala. Je, kosa hili ni langu au ni lake? Na nifanye nini siku hiyo wazee wakiniita jina?

Karani, Mandera


BI QALI ANAJIBU

Karani, wa aleykum salaam. Barua yako ilinifikia Jumatatu, nimeirusha mbele ya nyingine zote kwa sababu siku zako zinahesabika. Nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilipofika pale mlangoni mwa ndege ilinibidi niiweke mezani nikatembee uani.

Nianze na mjomba wako, maana nikianza na wewe hasira zitaniishia kabla sijamfikia.

Mtu huyu ana uzi ukutani na anadhani uzi ndio safari. Abiria haulizi urefu wa uzi. Aliyefiwa akikuuliza ni muda gani, anakuuliza atafika saa ngapi, hakuna mtoto wa darasa la pili asiyelijua hilo, na mjomba wako analijua kuliko sote, ndiyo maana anacheka. Gari la miraa lilingojewa saa tatu uwanjani Wajir, miraa isije ikanyauka. Mzee wa watu hakuweza kungojewa zaidi, na mwanawe mwenye mkoba mmoja akanyimwa ngazi ya kushukia, ili tu siri ya biashara isijulikane mjini. Siri gani hiyo? Kila rubani anaijua, kila mpakiaji wa Wajir anaijua. Wasioijua ni wale tu wanaokata tiketi.

Na hiyo orodha iliyofungwa, ilifungwa na nani? Kama kuna kanuni kwamba mtu asishuke, rubani yuko pale, aulizwe yeye, aamue yeye. Hakuulizwa. Alijibu mwenye ofisi, akiwa Mandera, kwa mdomo wako.

Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa sababu nadhani hili hujaliona, na mama yako amelisahau au amejisahaulisha. Umeandika kwamba abti ndiye baba yako. Katika mlo na malazi, sawa, Mungu amlipe. Katika kikao cha wazee, hapana, kwa sababu kwetu kosa la mtu hujibiwa na kulipwa na ukoo wa baba yake. Wewe ni mtu wa baba yako. Ulipomtajia Nuh jina lako ulilitaja na la baba yako, na ndivyo wazee wa Kutulo walivyokusikia. Barua ile ikisomwa na sahihi yako iko chini, kosa linatoka mabegani mwa Warfa na mwa jamaa zake, linawaangukia ndugu za baba yako huko Banissa, ambao wameketi na mifugo yao hawana habari kwamba wameuzwa. Ndiyo maana anataka uisome mwenyewe. Huruma ya wazee si hoja yake hata kidogo. Anataka wazee wa upande mwingine waitwe kujibu, na yeye awe mwenye nyumba anayekaribisha wageni. Yatima amemlea, na sasa anataka kujikinga nyuma yake.

Umeniuliza umemkasirikia nani. Mkasirikie huyo, una haki.

Lakini usije ukashiba hasira hiyo ukadhani umesafishika, kwa sababu sasa nakuja kwako.

Uliuliza kosa ni lako au lake, kana kwamba ni kiti kimoja na lazima mmoja wenu asimame. Kosa lake liko pale pale, na lako lipo. Ulijua kwa miezi minane. Msichana mwenye stashahada, anayejua kwamba simu hupima mstari ulionyooka, akamsahihisha mfiwa dakika ishirini na akaruka kitu kimoja tu alichohitaji kukijua. Ungemwambia, "Dada, ndege yetu hutua Wajir," ni maneno matano, angeshukia pale na angemkuta baba yake. Ungemwambia tu kwamba huchelewa, angechukua ile ya saa tano na bado angewahi alasiri. Kisha ukaisikia sauti yake ikiomba mlango. Mjomba wako alikunong'oneza, ndiyo, lakini Liban alikwambia kweli kwamba gari bado sana, na wewe ukamkatiza. Ulipoulizwa simu ilikuwa mkononi mwa nani ulikosa jibu kwa sababu swali lile, ingawa liliulizwa na mwongo, ni swali la haki.

Na jana umesema tena. Hapo ndipo uliponiudhi kweli. Unaniandikia kurasa nzima za majuto, na katikati yake kuna mtu amekata tiketi kwa uongo ule ule. Alikuwa anakwenda wapi? Kumwona nani? Hukumwuliza. Mtafute leo, namba yake unayo kwenye tiketi, umwambie.

Usitie sahihi barua ile. Usimwombe airekebishe, usipunguze neno, usitie sahihi nusu yake. Mwambie, "Abti, sitatia," na umwite abti kama ulivyomwita siku zote, bila matusi, kwa sababu adabu yako hutaiacha kwa ajili yake. Kisha keti uandike yako mwenyewe kwa mkono: ulichoagizwa, nani alikuagiza, saa ngapi Muslimo alipiga, saa ngapi Nuh alipiga, saa ngapi Liban alipiga, nani alikuwa amesimama wapi, nani alisema nini. Dakika kumi ziandike kuwa ni zako, na aliyezinong'oneza mwandike pia. Nakala moja isilale katika nyumba ya Warfa hata siku moja.

Leo hii, kabla hujamaliza kulikunja gazeti hili, mpigie ndugu mkubwa wa baba yako Banissa. Hamjazoeana, umesema. Mtazoeana. Mwite adeer, maana ni ndugu wa baba, umwambie, "Adeer, mimi ni binti wa ndugu yako na kuna neno langu linalowahusu." Hatakata simu. Hakuna mzee wa huku anayekata simu hiyo. Atakukaripia kwanza kwa miaka yote ya ukimya, mwache akaripie, kisha msomee ulichoandika. Siku ya kikao yeye ndiye atakayekaa na wazee, na karatasi yako ndiyo atakayoibeba. Watakapoita jina lako, jina hilo litakuwa na mtu wa kulijibu. Yatakayoamuliwa yataamuliwa kwa ukweli, na sehemu itakayowaangukia watu wako itakuwa ile iliyo yako, si ya Warfa.

Mama yako nina neno naye pia. Dada yangu wa hapa hapa Garissa, kama unasoma, na najua unasoma: karatasi huuma. Uliyemzaa anakwenda kusimama mbele ya wazee kuutangaza uzembe ambao si wake wote, awe mfano wa kutajwa katika kila nyumba kutoka Kutulo hadi mpakani, na nani atakayemwamini tena kwa lolote? Ndugu yako ana mdomo, ajitetee. Tandika kitanda, mwanao huenda akarudi.

Maana sitakudanganya, Karani, wa kukudanganya unao. Kazi hiyo huenda ukaipoteza, tena huenda ukaipoteza kabla ya kikao, siku ile ile simu italia na wewe utajibu, "Inatua Wajir, na hukaa kuanzia nusu saa mpaka saa tatu." Jibu hivyo hata akiwa ameketi mbele yako. Akikufukuza, chukua nguo zako na karatasi zako za shule, nenda Banissa au rudi Garissa. Barua ya gazetini hairudishi kazi ya mtu. Lakini kazi ya kuwaambia waliofiwa uongo kwa sauti nzuri si kazi ya kuililia.

Limebaki moja, nalo si la wazee wala la adeer wako, na usiningojee nikwambie kwamba unaweza kuliahirisha. Kikao ni cha wanaume, watazungumza ya wanaume, na Muslimo hatakuwamo. Uliza kama bado yuko kwa mama yake. Kama yupo, panda gari la asubuhi uende Kutulo kabla ya siku ya kikao, pamoja na mwanamke mtu mzima wa kwa baba yako ikiwezekana, peke yako ikishindikana. Kama amerudi Nairobi, mpigie simu saa ambayo hayuko darasani.

Usianze na abti. Usianze na uyatima wako wala na hofu yako, hakukuuliza. Usilie kabla yake. Mwambie, "Mimi ndiye niliyesema ni dakika kumi, na nilijua si kweli." Kisha nyamaza. Akisema kwa saa nzima, msikilize saa nzima, na macho yako yasiende mlangoni.